Maswali ya jikoni: Steki ya pilipili manga iwe supu

SWALI: Shikamooni. Nilitaka kugeuza steki ya pilipili manga ya Kifaransa, ile wanayoiita steak au poivre, iwe supu ya kushibisha watu sita. Nilinunua kilo moja ya sarara, nikaipaka pilipili manga ya unga, nikaikaanga, nikaichemsha saa mbili na kumalizia kwa krimu. Nyama ilitoka kavu, supu ilikuwa chungu, na wageni walipokamulia limao krimu ikakatika. Nilikosea wapi? (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Kosa la kwanza ni sarara, tena ni kosa la gharama. Sarara haina kano wala mafuta ya kutosha. Inafaa kukaangwa dakika chache tu, na ikikaa kwenye maji saa mbili hubaki nyuzi kavu. Buchani omba kidari au shingo. Kano zake huyeyuka polepole, zikalainisha nyama na kuipa supu uzito. Ongeza kilo moja ya mifupa yenye uboho, uichemshe peke yake saa tatu hadi upate lita 2 za mchuzi.

Uchungu umetokana na pilipili. Kwenye steki, nyama hukaa motoni muda mfupi, kwa hiyo pilipili haiwahi kuungua. Wewe umekaanga vipande vingi kwa zamu, na unga laini huungua upesi. Tumia punje nzima, vijiko vitatu vya chai, uzitwange kwenye kinu zipasuke tu, zisiwe unga. Nyama ikaange kwa chumvi peke yake. Vijiko viwili vya pilipili vitaingia baadaye, pamoja na vitunguu, na cha tatu utakitia ukishaepua, kwa sababu harufu ya pilipili manga hupotea na mvuke.

Sasa ukoko, maana utamu wa chakula hiki uko hapo. Kata nyama vipande vya sentimita 3, ifute maji mpaka ikauke kabisa, kisha ikaange kwa mafuta ya moto, vipande vinane au kumi kwa wakati mmoja. Ukijaza sufuria nyama hutoa maji, inachemka badala ya kukaangika, inakuwa ya kijivu, na chini hakuna kitu. Ukoko ukiwa wa kahawia uuache. Ukiwa mweusi osha sufuria uanze na mafuta mapya, kwani uchungu wake hautaondoka.

Toa nyama, punguza moto, tia gramu 50 za siagi na vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo. Vikilainika weka pilipili, koroga nusu dakika. Epua sufuria kabla ya kumimina mililita 60 za brandi, hasa kama unatumia mkaa, maana mvuke wake hushika moto. Rudisha jikoni, kwangua ukoko wote kwa mwiko, acha ichemke mpaka harufu kali iishe. Nyunyiza kijiko kimoja cha unga wa ngano, koroga, kisha rudisha nyama na umimine mchuzi.

Moto uwe mdogo, supu itokote taratibu. Ikichemka kwa nguvu nyama hukaza. Ng'ombe wetu wa asili ni wakavu, na Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Basi hesabu saa mbili na nusu, au dakika 45 kwa presha kuka. Nusu kilo ya viazi mviringo itaingia dakika 25 za mwisho. Viponde vichache humohumo supu iwe nzito.

Krimu, mililita 200, ichanganye kwanza na upawa wa supu ya moto, ndipo uimimine sufuriani, na isichemke tena. Asidi ya limao hugandisha protini za maziwa, kwa hiyo supu hii haiandaliwi na limao. Wageni wasioweza kula supu bila limao wapakulie kabla ya kutia krimu.

SWALI: Naweza kutumia Konyagi badala ya konyaki? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Hapana. Konyaki ni brandi ya zabibu kutoka eneo la Cognac, Ufaransa, na kinachotakiwa ni ladha yake ya tunda. Konyagi haitokani na zabibu. Brandi yoyote ya bei nafuu inatosha. Kwa wasiotumia pombe, weka kijiko kimoja cha chakula cha siki juu ya vitunguu, ikauke kabla ya mchuzi kuingia.

SWALI: Na sangara je? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Inawezekana. Chemsha kichwa na mifupa dakika 25, uchuje. Pika vitunguu, pilipili na viazi kwenye mchuzi huo hadi viazi viive. Minofu ya sangara, vipande vya sentimita 4, iingie mwisho kwa dakika sita hadi nane. Pilipili punguza iwe kijiko kimoja na nusu cha chai, maana samaki hastahimili kiasi cha nyama ya ng'ombe.