Maswali ya Wasomaji: Je, tuuze trela letu la turubai tununue karavani?

SWALI

Ndugu Mshauri, assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja na ninaishi Northampton, Uingereza, pamoja na mke wangu na watoto wetu watatu. Kwa miaka sita tumekuwa na trela la kukunja, lile ambalo likifungwa huwa kama sanduku fupi nyuma ya gari, na likifunguliwa hutoa vitanda viwili pembeni na kufunikwa kwa turubai. Limetufikisha Wales, Cornwall na hata Scotland. Tatizo ni mvua. Mara nyingi tunalifunga likiwa limelowa, kisha tukirudi nyumbani tunalifungua tena uani ili likauke kabla ya kuliweka gerejini. Mwaka huu tulichelewa siku nne, tukakuta madoa meusi ya kuvu juu ya kitanda cha mtoto wetu wa pili, ambaye ana pumu. Mama Salma amesema sasa basi, tununue karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu yenye kuta ngumu inayovutwa na gari, na ameshaona iliyotumika anayoipenda, ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni kilo 1,400. Gari letu lina uzito wa kilo 1,450, na kitabu chake kinasema linaweza kuvuta kilo 1,500. Muuzaji yuko tayari kulipokea trela letu kwa pauni 1,100 kama sehemu ya malipo, ingawa mimi naamini linafika pauni 2,000. Leseni yangu niliipata hapa mwaka 2009. Je, tukubali?

Baba Salma, Northampton

JIBU

Waalaykum salaam, Baba Salma. Kwa hali ya mtoto wenu, uamuzi wa kuachana na turubai ni sahihi na sitaujadili zaidi. Ninalokuomba ni kwamba msilipeleke trela lenu kwa muuzaji huyo wiki hii, kwa sababu karavani mliyoichagua ina mambo mawili ya kuangaliwa kwanza: uzito wake na ukavu wa kuta zake.

Suala la leseni halina shida. Waliofaulu mtihani wa gari dogo kuanzia tarehe 1 Januari 1997 walikuwa na mipaka ya kuvuta matrela mazito, lakini tangu tarehe 16 Desemba 2021 leseni ya kawaida ya gari katika England, Scotland na Wales inaruhusu kuvuta trela lenye uzito wa hadi kilo 3,500, bila mtihani mwingine. Mwendo pia unaujua tayari, kwa kuwa ni uleule wa trela lako: maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu na maili 50 kwenye barabara ya kawaida isiyogawanywa katikati.

Uzito ndio unaonitia wasiwasi. Kilo 1,500 zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari ni kikomo cha gari lenyewe, na hazina maana kwamba safari yenye mzigo wa namna hiyo itakuwa ya utulivu. Ushauri unaotolewa na vyama vya karavani vya Uingereza kwa mtu asiye na uzoefu ni kwamba karavani iliyojaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu, na kwa gari lako hesabu hiyo inafika kilo 1,230 hivi. Karavani ya kilo 1,400 ni karibu asilimia 97. Sheria haikukatazi kuivuta, lakini kumbuka kwamba trela lenu likifungwa hukaa chini ya paa la gari na upepo hupita juu yake, ilhali karavani ni ukuta mrefu unaopigwa na upepo kutoka ubavuni kila lori kubwa linapokupita. Ikianza kuyumba, gari jepesi ndilo linaloburutwa huku na huku. Miaka sita uliyovuta trela imekufundisha kurudi nyuma na kukata kona, na hilo ni jambo kubwa, ila haijakufundisha kuvuta kitu kirefu na kizito kiasi hicho.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanunuzi wengi huigundua wakiwa wameshalipa. Karibu na mlango wa karavani hubandikwa kibao kidogo kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Ukitoa uzito wa karavani ilivyotoka kiwandani, unabaki na kilo za mizigo yenu. Tuseme karavani hiyo ilitoka kiwandani na kilo 1,270: mmebakiwa na kilo 130 tu. Mota ya kuisogezea uani huchukua kilo 30 au zaidi, betri kilo 20 hivi, na baraza ya turubai inayofungwa ubavuni kilo nyingine 20 au 25. Kinachobaki ni kilo 55 au 60 za nguo, vyakula, viti, sufuria na vyombo vya maji kwa watu watano, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo tafuteni karavani ambayo uzito wake wa juu hauzidi kilo 1,230, yenye nafasi ya kutosha ya mizigo, hata kama itakuwa fupi kuliko hiyo anayoipenda Mama Salma. Mkishaipata, ipakieni kama mnasafiri na muipitishe kwenye mizani ya magari. Pimeni pia uzito unaokandamiza kiungo cha nyuma ya gari, ambao unapaswa kuwa kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa, bila kuvuka kikomo cha gari wala cha kiungo chenyewe.

Sasa niseme juu ya unyevu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa ajili ya mtoto. Msije mkatoka kwenye turubai bichi mkaingia kwenye ukuta mbichi. Kuta za karavani nyingi za miaka ya nyuma zina fremu ya mbao katikati, nje zimefunikwa kwa bati la alumini na ndani kwa ubao mwembamba, na maungo yake huzibwa kwa gundi laini ambayo hukauka na kupasuka baada ya miaka ya jua na mitikisiko ya barabarani. Maji huingia taratibu kupitia pembe za madirisha, kwenye reli ya kufungia baraza na kuzunguka vioo vya darini, yakaozesha mbao huku ukuta wa ndani ukiwa bado unapendeza. Mimi mwenyewe nimewahi kuonyeshwa karavani safi kabisa, yenye mapazia mapya na harufu ya manukato, lakini nilipoinua godoro la mbele na kubonyeza ukuta chini ya dirisha kwa dole gumba, ubao uliingia ndani kama boflo lililochovywa kwenye chai. Muuzaji alinyamaza kimya.

Nendeni kuitazama siku iliyofuatia mvua, ombeni ifunguliwe mbele yenu, na muinuse kabla hata hamjaketi. Fungueni kila kabati, bonyezeni kila pembe, kisha mlipe fundi anayetambulika aje na kipima unyevu. Kipimo kilicho chini ya asilimia 15 hakina shida. Kikifika kati ya 15 na 20 sehemu hiyo ichunguzwe zaidi. Kikizidi 20, maji yanaingia mahali fulani, na kwa familia yenye mtoto wa pumu jibu langu ni kuondoka, hata bei ikishushwa. Tazameni pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 3619 maana yake ni wiki ya 36 ya mwaka 2019. Tairi za karavani zinafaa kubadilishwa zikifika miaka 5 na zisivuke 7, hata kama bado zinaonekana mpya.

Karavani haina kadi ya umiliki kama ya gari, lakini nyingi zilizotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1992 zimeandikishwa katika daftari liitwalo CRiS, na namba yake ya tarakimu na herufi 17 imechorwa kwenye fremu ya chini na kwenye madirisha. Kwa ada ndogo mtaambiwa kama iliibiwa au kama ina deni la mkopo. Mkinunua kwa mtu binafsi, mkutane naye nyumbani kwake. Mkinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inawapa siku 30 za kuirudisha ikiwa na kasoro kubwa ambayo hamkuambiwa.

Juu ya trela lenu, pauni 1,100 si bei ya kumlaumu mfanyabiashara, kwa sababu naye atalisafisha na kulikalia msimu mzima. Ila nanyi mna gereji na hamna haraka. Wanunuzi wa matrela ya kukunja huanza kutafuta mwezi Machi, familia zinapopanga likizo za Pasaka na za kiangazi, na huko ndiko mtakakoikaribia bei yako. Kabla ya kulitangaza, lifungueni siku kavu, madoa ya kuvu yasuguliwe kwa dawa inayofaa turubai na si kwa blichi, likaushwe kabisa, kisha lipakwe dawa ya kuzuia maji. Pigeni picha likiwa limefunguliwa, pamoja na mahali palipobaki na alama. Andikeni wazi kwamba lilipata kuvu na mlichofanya, kwa maana muuzaji binafsi naye anawajibika kwa maelezo anayotoa, na huenda huyo atakayelinunua naye ana mtoto. Mpokee fedha benki na mzione zimeingia kabla halijaondoka, na siku hiyo ng'oeni kibao cha namba nyuma yake, kwa sababu namba hiyo ni ya gari lenu.

Kabla ya hayo yote, someni hati ya nyumba yenu, kwani mitaa mingi iliyojengwa karibuni ina masharti yanayokataza karavani kuegeshwa mbele ya nyumba, na gereji iliyolisitiri trela haitaitosha karavani. Ikiwa mtalazimika kukodi uwanja wa kuiwekea, gharama hiyo ya kila mwaka iingizeni kwenye hesabu sasa. Na mwishoni mwa juma moja kabla ya Machi, kodini karavani ya uzito huo niliokutajia, muivute hadi Peterborough na kurudi, mtoto alale humo usiku mmoja, ndipo mrudi kwa muuzaji.