Kaunsela Msaidizi, Kazi Yako Iko Bwenini

Wiki jana nilipokea ujumbe kutoka kwa msichana wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka jana, sasa anangoja kujiunga na chuo kikuu, na kanisa lao limemchagua awe kaunsela msaidizi kwenye kambi ya watoto likizo hii ya Agosti. "Dada, naomba unisaidie," aliandika. "Naogopa watoto watanidharau kwa sababu mimi bado mdogo. Nianze kuandaa mahubiri gani?" Mwishoni akauliza kama makaunsela wasaidizi hulipwa.

Nilimjibu kwa ufupi siku ileile, lakini maneno yamezidi kunijaa kifuani. Nayaandika hapa yote, kwa ajili yake na kwa ajili yako wewe ambaye mwaka huu unavaa fulana ya makaunsela kwa mara ya kwanza. Najua unachotaka. Unataka kumtumikia Mungu, na unataka watoto wale wakukumbuke. Hata mimi nilitaka hayo, na sioni aibu kuyataka.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2014. Agosti iliyofuata nikapanda basi na watoto, tukapitia Ruaka na Banana hadi upande wa Limuru, kwenye mashamba ya chai. Anayeijua Limuru mwezi wa Agosti anaijua baridi yake: ukungu unakufuata mpaka mlangoni, na nguo uliyoanika asubuhi unaianua jioni ikiwa bado mbichi. Nilipewa wasichana wa darasa la nne na la tano. Kaunsela wetu wa bweni alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, nami nikawa msaidizi wake. Begi langu lilikuwa na daftari la mafundisho niliyoyaandika tangu mwezi wa Juni.

Daftari hilo sikulifungua. Mafundisho ya kambi yako kwenye ratiba na yana wenyewe: mchungaji ana saa yake, mwalimu wa nyimbo ana saa yake, hata mstari wa kukariri una mtu wake. Saa ambazo hazina mwenyewe ni zile za baada ya taa kuzimwa. Hizo ndizo zako. Hakuna atakayekwambia hivyo kwenye semina, ndiyo maana nakwambia mimi.

Usiku mmoja niliguswa bega gizani. Alikuwa mmoja wa wadogo zaidi, amesimama kando ya kitanda changu, meno yanagongana.

"Anti, nimelowa."

Alikuwa amekojoa kitandani. Alitetemeka kwa baridi, ndiyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye vitanda vya wenzake. Nilimwamsha mwalimu, kwa sababu sheria yetu ilikuwa kwamba kaunsela hamshughulikii mtoto peke yake usiku. Yeye akambadilisha nguo, mimi nikakunja shuka na blanketi. Tuligeuza godoro, tukatandika leso zangu mbili juu yake, mtoto akarudi kulala. Kisha nikachukua beseni nikaenda jikoni, maana jua la kukausha shuka Limuru halikuwepo. Huko moto ulikuwa umeshawashwa na sufuria ya uji imeanza kutokota. Mama mpishi alitazama beseni, akanitazama usoni, asiulize kitu. "Leta hapa, mamii," akasema. Tukafua, tukashika ncha huku na huku tukakamua, akalitandaza shuka kwenye kamba iliyopita nyuma ya jiko la kuni, pale alipoanika vitambaa vyake. Kengele ya kuamka ilipolia, kitanda cha yule mtoto kilikuwa kimetandikwa sawasawa na vingine. Shuka lilirudi kabla ya chakula cha mchana, limekauka, linanuka moshi.

Wenzake hawakujua. Siku zilizobaki yule mtoto alicheza mpira, akaimba, akala githeri na kuongeza.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu litakupata. Kambi nyingi zenye watoto wa umri huo huwa na anayekojoa kitandani, na mara nyingi wazazi hawakuandika kwenye fomu kwa aibu. Kukojoa kitandani si uvivu wala utundu. Hutokea mtoto akiwa usingizini kabisa, mara nyingi ni jambo la ukoo, na ugeni na hofu vinaweza kulirudisha kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha. Kwa hiyo kabla ya kulala wapeleke wote msalani, kundi zima, usiite jina la mtu. Wanyweshe maji ya kutosha mchana ili usiku wasiwe na kiu kali. Lala karibu na mlango, tochi iwe chini ya mto. Basi. Wala halihitaji upako maalum. Linahitaji mtu aliye tayari kuamshwa.

Soma tena 1 Samweli sura ya 3, uisome kama kaunsela. Tumezoea kumtazama Samweli aliyeitwa. Mimi siku hizi namtazama Eli. Mzee yule macho yamepofuka, amelala, na mtoto anamjia usiku mara tatu akidai ameitwa. Mara tatu! Hakumfokea hata mara moja. Alimwambia arudi akalale, na mara ya tatu ndipo akatambua kwamba ni Bwana anayemwita mtoto. Angemfukuza mara ya kwanza, unadhani Samweli angekuja tena? Eli alikuwa na makosa yake mengi nyumbani kwake, Biblia haifichi, lakini usiku ule alifanya kazi ya kaunsela ipasavyo. Wewe nawe utaamshwa kwa ajili ya mbu, kwa ajili ya ndoto mbaya, kwa ajili ya soksi iliyopotea. Amka. Hujui ni safari ya ngapi ambayo mtoto atakuwa amebeba neno zito.

Sasa niseme lile ambalo bado linauma.

Usiku wa mwisho tuliwasha moto wa kambi. Mahubiri yakatolewa, pambio zikaimbwa kwa sauti ya chini, kisha mwito: anayetaka kumpa Yesu maisha yake ainue mkono, apite mbele. Naomba nieleweke vizuri. Mimi mwenyewe niliokoka kambini nikiwa kidato cha pili, na naamini kwa moyo wote kwamba mtoto anaweza kuokoka. Lakini nimekaa na watoto wa miaka kumi saa nne ya usiku, wamechoka, wanasikia baridi, wanakumbuka nyumbani, na najua wanalia kwa sababu nyingi. Msichana mmoja wa kikundi changu alikuwa akilia kwa kwikwi. Kaunsela wa kikundi cha jirani akanipa ishara nimsogeze mbele. Nikainama nikamuuliza analilia nini. Akasema nyanya yake alizikwa mwezi uliopita, naye akaachwa Nairobi kwa jirani wakati wengine walipokwenda mazishini. Tulibaki pale kwenye gogo, akanisimulia nyanya yake alivyokuwa akimwekea ndizi mbivu chini ya kitanda. Nikaomba naye. Mkono hakuinua.

Asubuhi, kwenye kikao cha makaunsela, kiongozi alisoma hesabu ya kila kikundi: wangapi wameokoka, wangapi wamerudi kwa Bwana. Kikundi chetu kilikuwa cha mwisho. Akafunga daftari, akasema mbele ya wote kwamba kuna watu waliokuja kula chakula cha kambi bure. Hakunitaja jina, na hakuna aliyehitaji kutajiwa. Mwaka uliofuata orodha ya makaunsela ilitoka bila mimi, wala hakuna aliyeniita kunieleza. Nimesamehe. Nimelipeleka jambo hili kwenye maombi mara nyingi. Lakini nilikuwa msichana aliyetoka tu shuleni, na maneno yale nilitembea nayo muda mrefu.

Leo nawafunza makaunsela wasaidizi wa makanisa kadhaa ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na Agosti hii nimekabidhiwa kambi nzima kuiongoza. Kitu cha kwanza nilichofuta kwenye ratiba ni kile kikao cha kusoma hesabu. Na yule msichana wa kwenye gogo yuko chuoni Eldoret. Mtihani ukimkaribia hunipigia simu tuombe pamoja. Nalisema hilo kwa furaha, tena bila kuona haya. Ndugu yangu, usihesabu mikono! Mkono wa mtoto huinuka kwa sababu wa rafiki yake umeinuka. Muulize kwanza. Msikilize mpaka amalize. Kama ni Roho Mtakatifu anayemgusa, hatazuiwa na swali lako.

Kuhusu kudharauliwa, dada yangu wa Umoja: mtoto hadharau umri. Anamdharau asiyejua jina lake. Jifunze majina mkiwa ndani ya basi, kabla hamjafika. Wakati wa chakula keti na kikundi chako, usikimbilie meza ya makaunsela wenzako. Na kama umepewa watoto wengi kuliko unavyoweza kuwajua siku ya kwanza, mwambie kiongozi wako wazi. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri hapa kwetu, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea mwaka 1907, vijana wasiozidi ishirini na kidogo aliwagawa katika vikundi vinne. Mtu wa jeshi, aliyezoea kuongoza watu wengi, alichagua vikundi vidogo. Kambi za kanisa nazo zina vikundi, lakini nyingi zimesahau udogo wake.

Mtoto akililia kwao, usimwahidi kwamba kesho mama atakuja kumchukua. Atakaa akiitazama barabara siku nzima. Mpe kazi: agawe vikombe, abebe tochi yako. Na akikwambia, "Anti, nikikuambia siri, hutasema?" usiseme ndiyo. Mwambie utamsikiliza, na kwamba likiwa jambo la kumdhuru itabidi umwambie mtu mzima wa kumsaidia. Kisha umwambie kweli, usiku huohuo: kaunsela wako mkuu au kiongozi wa kambi. Kama unaona wanataka kulifunika ili jina la kanisa lisichafuke, kuna nambari 116, simu ya watoto ya taifa, bure, usiku na mchana. Tuna Sheria ya Watoto ya 2022 na iko juu ya kambi zote, hata zinazofunguliwa kwa maombi. Kambi ikikuomba cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, usinung'unike kuhusu foleni ya alama za vidole. Mimi ningekuwa na wasiwasi zaidi na kambi isiyokuomba chochote.

Na kuhusu malipo. Kwa kambi nyingi za makanisa ninazozijua, kaunsela msaidizi halipwi. Unapata kitanda, chakula na fulana, na wakati mwingine fulana unakatwa pesa zake. Uliza mapema kama nauli ya kwenda na kurudi iko juu yao, na uulize kwa ujumbe wa kuandikwa ili jibu libaki kwenye simu yako. Waeleze na wazazi wako kabla ya kuondoka, wasije wakadhani umeajiriwa.