Ufa kwenye rota ya turbaini: usigawe kwa saa, hesabu mara mlizowasha

Mkuu, simamisha hesabu hiyo. Umeandika kwamba rota, yaani mhimili unaozunguka, ya turbaini ya mvuke ya kiwanda chenu cha sukari ilikuwa na ufa wa milimita 2, baada ya misimu miwili umefika 4, kikomo ni 8, basi mna misimu minne mbele. Halafu unauliza fimbo gani za kulehemu na kipimo gani cha kununua. Hiyo misimu minne itaua mtu.

Hesabu hiyohiyo tuliletewa na mshauri wa kukodi. Milimita kwa saa za kazi, gawanya, saini, chukua hundi. Katikati ya msimu mtetemo ukapanda ghafla, tukazima, tukafungua: ufa ulikuwa umeshapita kikomo alichotuandikia. Miwa ya wakulima ikakaukia kwenye matrela huku yeye hapokei simu. Mtu wa namna hiyo hafai kusogea karibu na mtambo wa mvuke, na nikimwona anakaribishwa kwingine nitasema hivihivi.

Ufa hauendi kwa mwendo mmoja. Kadiri unavyorefuka ndivyo kila mzunguko wa mkazo unavyousukuma zaidi. Kwenye kanuni ya Paris, ile ya kukadiria kasi ya ufa kwa kila mzunguko wa mkazo, kipeo cha vyuma hivi huwa karibu na 3, kwa hiyo ufa ukirefuka maradufu kasi yake inakuwa kama mara 2.8. Mkazo ukibaki uleule, kutoka 4 hadi 8 kunakula takriban asilimia 70 tu ya mizunguko iliyotumika kutoka 2 hadi 4. Misimu yako minne haifiki hata mmoja na nusu. Na hapo nimekubali kwamba ile 2 ilipimwa sawasawa.

Tena mzunguko wenyewe wa mkazo si saa, ni kuwasha na kuzima. Mvua ikikata barabara za mashamba, miwa haiji, boila inashushwa, keshokutwa mnawasha upya. Msimu wa namna hiyo una saa chache, na karatasi ya saa itakwambia rota imepumzika, kumbe ndio umeichosha kuliko yote.

Kubaya zaidi ni kuwasha mtambo ukiwa baridi. Rota ya kituo cha Gallatin, Tennessee, Marekani, ilipasuka mwaka 1974 ikiwashwa baridi, kabla haijafikia mwendo wake kamili. Nyufa zilianzia kwenye uchafu wa manganizi salfaidi ndani ya chuma, karibu na tundu la katikati. Rota za zamani za chuma kilichochanganywa na krome, molibdenamu na vanadiamu huweza kuwa rahisi kuvunjika hata zikiwa karibu nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo zikiwa baridi ufa mfupi zaidi unatosha kuzipasua. Hiyo 8 yenu imekokotolewa kwa joto gani?

Chukua kitabu cha zamu, hesabu mara mlizowasha tangu kipimo cha kwanza, tenganisha za baridi na za moto, kisha leta namba hapa. Usisaini chochote kabla ya hapo.