Mshukiwa wa ugaidi akiuawa, nani atasema aliyemtuma?

Swali: Wakili, hujambo. Mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 23, ni fundi wa simu hapa Kayole. Jumanne usiku watu wanne wasio na sare walimchukua kwa Probox nyeupe, wakabeba na laptopu yake pamoja na simu za wateja. Majirani waliwasikia wakitaja Al-Shabaab. Tumeuliza vituo viwili, wote wanasema hawamjui. Kaka yangu anasema kama kweli ni gaidi basi wammalize tu, maana korti zetu huwaachilia. Picha ya kijana imeshaanza kuzunguka WhatsApp. Halafu kuna jamaa anasema anamjua mkubwa fulani na kwa shilingi 80,000 kijana atatoka. Je, polisi wanaruhusiwa kumuua mtu kwa kumshuku? Na mimi nifanye nini? *Mama Njeri, Kayole*

Jibu: Mama Njeri, pole sana. Nianze na lile la pesa kwa sababu ndilo linaloweza kuwaumiza leo hii. Huyo jamaa msimpe hata shilingi. Mabroka wa namna hii husikia kilio mtaani, wakaja na jina la afande ambaye hamtamwona kamwe, wakachukua cha kwanza, kisha wakarudi kuomba cha pili "cha faili". Na hata kama huyo mkubwa yupo, anayetoa hongo anavunja sheria sawa na anayepokea, kwa mujibu wa Sheria ya Hongo ya 2016. Kibaya zaidi, wakati familia inachangisha, saa za Katiba zinapita na hakuna aliyeuliza chochote kwa maandishi.

Hizo saa zihesabuni hivi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiisha nje ya muda wa korti, mwisho unasogea hadi siku ya korti inayofuata. Aliyechukuliwa Jumanne usiku anatakiwa awe mbele ya hakimu kabla korti hazijafungwa Alhamisi. Nendeni masjala ya korti ya Kahawa, karibu na gereza la Kamiti, ambako kesi za ugaidi hupelekwa, kisha Milimani. Ulizeni kwa jina kamili na nambari ya kitambulisho, na mwombe karani atazame orodha ya maombi madogo, si orodha ya kesi peke yake, kwa kuwa polisi huanza na ombi la kumzuilia mtu kabla hajafunguliwa mashtaka yoyote. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inamruhusu ofisa kuomba muda zaidi kwa hati ya kiapo yenye sababu. Hakimu anaweza kutoa hadi siku 30, na kwa jumla hazipiti 90. Mkimkuta huko, wakili wake ana haki ya kupinga ombi hilo siku hiyo hiyo.

Msipomkuta, rudini kituoni mwandikishe kupotea kwake kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Msiondoke bila nambari ya OB, tarehe na saa. Wakikataa dawatini, mwombeni OCS, yaani mkuu wa kituo, na mwandike jina la aliyewakataa. Kisha lipelekwe Mahakama Kuu, Milimani, ombi la habeas korpas, yaani korti iwaamuru wanaomshikilia wamlete mbele yake. Hati yako ya kiapo itaje saa aliyochukuliwa, mavazi yake, gari na namba yake kama kuna aliyeiona, vituo mlivyouliza, na ile nambari ya OB. Wajibu maombi, yaani wanaotakiwa kulijibu ombi hilo, wawe Inspekta Jenerali wa polisi, mkurugenzi wa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) na Mwanasheria Mkuu. Mtu akikuambia kwamba bila pesa nyingi faili haifunguki, mwonyeshe kifungu cha 22 cha Katiba: ombi la kulinda haki za msingi halitozwi ada ya kulifungua, na korti inaweza kulipokea hata likiwa halikuandikwa kwa mtindo rasmi.

Jambo moja zaidi, kwa sababu ni fundi wa simu. Tafuteni kitabu chake cha risiti leo na mpige picha kila ukurasa. Fundi akitengeneza simu, mara nyingi huijaribu kwa laini yake mwenyewe. Papo hapo kampuni ya simu inahifadhi kwamba laini ya fundi ilikuwa ndani ya kifaa chenye IMEI fulani, yaani nambari ya utambulisho ya simu. Kifaa hicho kikiwa kilipitia mikononi mwa mtu mbaya, mpelelezi atakayechomoa rekodi ataona nambari ya mpwa wako imeketi ndani ya simu ya gaidi. Rekodi ni ya kweli kabisa, lakini haisemi kwa nini. Inayosema ni risiti ya shilingi 500 ya kubadilisha kioo, pamoja na mteja atakayeulizwa chini ya kiapo. Sijui kama ndilo lililotokea kwa kijana wenu. Ila mjue kwamba tofauti kati ya fundi na msaidizi wa magaidi inaweza kuwa karatasi moja, na karatasi hiyo husomwa kortini. Hakuna anayeisoma pembeni ya barabara usiku.

Sasa nije kwa kaka yako, kwa sababu anasema wanalosema watu wengi mjini na wanalisema kwa hakika. Polisi hawana ruhusa ya kumuua mtu kwa kumshuku. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linaruhusu bunduki pale tu njia nyepesi zaidi zimeshindwa, hasa pale kuna uhai wa kuokoa, wa ofisa au wa mtu mwingine, dhidi ya hatari iliyo mbele ya macho. Askari aliyempiga risasi mtu aliyekuwa akifyatua risasi ndani ya hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa Januari 2019 alikuwa ndani ya sheria hiyo, na hakuna wakili mwenye akili atakayebishana naye. Mtu aliyefungwa pingu hana hatari hiyo. Jedwali lenyewe linasema amri ya mkubwa si kisingizio, na mtu akifa kwa nguvu za polisi, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, lazima ijulishwe. Neno "ugaidi" halikufungua mlango mwingine wa pembeni. Hata sheria ya ugaidi yenyewe, pale kitendo kimeua watu, inaweka kifungo cha maisha, na anayekitoa ni jaji au hakimu.

Ninachochoka nacho ni huu wimbo kwamba korti huwaachilia magaidi. Korti haina wapelelezi. Haiendi kuchukua laptopu wala kuhoji mashahidi, inapima kilicholetwa. Kesi hizi zikianguka, tazameni kilichofanyika katika siku tatu za kwanza baada ya kukamatwa. Hapo ndipo nyingi huharibika, na huharibiwa na haraka ile ile ambayo kaka yako anaisifu.

Chukueni suala la kukiri kosa. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mshukiwa akikiri, kukiri huko kunapokelewa tu kama kulifanywa mbele ya jaji, hakimu, au polisi wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si yeye anayechunguza kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Ofisa anayempiga kijana usiku kucha na kumtia sahihi karatasi alfajiri amepata karatasi isiyo na kazi. Tena anahatarisha na mengine yote yaliyotokana nayo, kwa sababu kifungu cha 50(4) cha Katiba kinaamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utupwe nje ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi.

Au simu. Inapochukuliwa iandikwe kwenye orodha papo hapo, pamoja na IMEI, isainiwe na aliyenyang'anywa na shahidi, itiwe kwenye mfuko unaofungwa kwa muhuri, kisha ipelekwe maabara kwa fomu inayoonyesha nani alimkabidhi nani na saa ngapi. Ofisa anayeanza kuperuzi ujumbe ndani ya gari anabadilisha nyakati za faili, na miezi kadhaa baadaye hakuna awezaye kuapa kwamba kilichomo kilikuwamo. Hata uchimbaji ukifanywa vizuri, kifungu cha 106B cha Sheria hiyo hiyo ya Ushahidi kinataka cheti kilichosainiwa na mhusika wa mtambo kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani. Taarifa ya M-Pesa, kanda ya kamera na mazungumzo ya WhatsApp vyote vinahitaji cheti hicho. Kikikosekana, ushahidi ulioweza kumfunga mtu miaka mingi unabaki nje ya kesi, halafu jioni watu wanamlaumu hakimu.

Pale kazi ilipofanywa sawasawa, korti zetu zimefunga. Washambuliaji wa jumba la maduka la Westgate wa Septemba 2013, walioua watu 67, walifia ndani ya jengo, kwa hiyo waliosaidia kutoka nje wangeweza kusahaulika. Oktoba 2020 wawili walitiwa hatiani, mmoja akapata miaka 33 na mwingine 18. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015 liliua 148. Mwaka 2019 mmoja alipata kifungo cha maisha na wawili miaka 41 kila mmoja. Kesi ya DusitD2 ilimalizika 2025 kwa miaka 30 kwa kila mmoja wa wawili waliowawezesha washambuliaji. Malalamiko kwamba kesi hizi hukaa miaka minne, sita au saba ni ya haki, nami nayaunga mkono. Dawa yake ni wapelelezi na mahakimu wa kutosha.

Kaka yako ajiulize pia kinachozikwa pamoja na mshukiwa. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, lililoua watu 213, mmoja wa waliolileta lori lenye bomu hilo hakufa. Alikamatwa hapa hapa mjini siku chache baadaye, akahojiwa, na katika maelezo yake ikatoka nambari ya simu ya nyumba moja Yemen iliyokuwa kitovu cha mawasiliano ya Al-Qaeda. Angepigwa risasi mlangoni, nambari hiyo ingekwenda naye. Yeye na wenzake watatu walihukumiwa New York mwaka 2001, vifungo vya maisha vyote vinne.

Mfano wa upande wa pili unatoka kwenye mkasa huo huo. Ahmed Ghailani, mshtakiwa mwingine wa mashambulizi hayo, alishikiliwa kwanza katika magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na alipofikishwa kortini New York mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumtesa mshtakiwa. Kati ya mashtaka zaidi ya 280 alipatikana na hatia ya moja tu. Lilitosha kumpa kifungo cha maisha, lakini kwa familia za waliokufa hakuna hata shtaka moja la mauaji lililothibitishwa. Njia ya mkato ndiyo iliyowanyima.

Na wanaosema kuua huleta utulivu wakumbuke Mombasa. Mhubiri Aboud Rogo, aliyetuhumiwa kuunga mkono Al-Shabaab, alikuwa na kesi kortini alipopigwa risasi ndani ya gari Agosti 2012. Serikali ilikanusha kuhusika. Zilifuata ghasia za siku kadhaa, makanisa yakavamiwa na watu wakafa, polisi wakiwemo. Aprili 2014 mhubiri mwenzake, Abubakar Shariff aliyejulikana kama Makaburi, naye aliuawa karibu na gereza la Shimo la Tewa. Tuhuma dhidi ya wawili hao hazikupimwa hadi mwisho, kwa hiyo wafuasi wao wanasema hawakuwa na hatia, wapinzani wanasema walikuwa nayo, na hakuna hukumu ya kumwonyesha yeyote. Mshtakiwa mmoja wa Westgate aliyeondolewa hatia mwaka 2020 alitekwa na watu wenye silaha hapa Nairobi mara tu baada ya kuachiliwa. Sasa mwambieni shahidi aliye na habari za kweli aje polisi, huku akijua hukumu ya korti inaweza kufutwa barabarani namna hiyo. Shahidi huyo yupo chini ya sheria: kuna wakala wa kulinda mashahidi anayeweza kumhamisha na kumpa utambulisho mwingine. Lakini atakuja tu akiamini kwamba kuna kesi ya kuja kutolea ushahidi.

Ndiyo maana zile picha za WhatsApp zinanitia hofu, za mpwa wako na za mwingine yeyote. Gwaride la utambulisho linataka mshukiwa asimamishwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali ya maisha, na shahidi asiwe amemwona tangu tukio. Picha ikishazunguka na maneno "gaidi huyu hapa", kila shahidi wa mtaa amemwona. Kama hana hatia, atatambuliwa na watu wanaokumbuka simu zao tu. Kama anayo, wakili wa utetezi atauliza swali moja, "Picha hii uliiona lini?", na gwaride zima limekwisha. Mwombeni kaka yako aifute kwenye kila kundi alikoituma na awaambie wengine wafanye vivyo hivyo. Na kama humo kuna mtu aliyeona jambo kwa macho yake, asiijadili hiyo picha na yeyote. Aende kuandikisha taarifa, na aseme wazi ndani yake kama ameshaiona au la.