RAID 5 imegoma baada ya umeme kukatika
Pole sana. Diski mbili kati ya nne zikitoka kwenye RAID 5 (diski kadhaa zilizounganishwa kama moja, zinazovumilia kupotea kwa diski moja tu) kwa mpigo baada ya umeme kukatikakatika, mara nyingi hazijafa, zimeachwa nyuma tu na zile nyingine. Tafadhali usiguse --create ya mdadm (programu ya Linux ya kusimamia RAID), ambayo huunda RAID upya; hapo ndipo watu wengi hupoteza data. Endesha mdadm --examine kwa kila diski, uangalie namba ya Events, yaani hesabu ya mabadiliko ambayo diski imeyarekodi. Zikipishana kidogo, mfano 48210 na 48207, simamisha RAID kisha jaribu mdadm --assemble --force. Ikikubali, ifungue kwa kusoma tu, unakili mafaili muhimu; fsck (kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili) baadaye. Ila smartctl (programu ya kupima afya ya diski) ikionyesha sekta mbovu, nakili kwanza diski nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye hitilafu, kabla ya yote hayo.