Vikapu vitatu vya Krismasi kwa laki moja na nusu: jibu refu kutoka Bombo

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: una shilingi laki moja na nusu za Uganda na unataka kuandaa kwa mkono wako vikapu vitatu, cha mama mkwe wako Masaka, cha dada yako aliyejifungua juzi hapo Kampala, na cha rafiki yako Mwislamu wa Arua. Waliotangulia kukujibu wamekupa orodha ya duka kubwa: biskuti, juisi za boksi, chupa ya mvinyo, nailoni juu na utepe. Mimi ninasuka na kuandaa vikapu hapa Bombo, wilayani Luweero, na sikubaliani nao. Vitu hivyo kila mtu anavikuta dukani mtaani kwake. Kikapu kizuri humpelekea mtu kisichopatikana kwao kirahisi, na Uganda hii ukivuka wilaya mbili tatu tu vyakula vimebadilika.

Kwa hiyo Masaka usipeleke senene, wale panzi wa kuliwa. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili wao ndio wanaotuletea sisi. Kahawa ya robusta nayo wanayo shambani. Mpelekee mama arabika ya Bugisu, ile ya miteremko ya Mlima Elgon. Kama hana kinu cha kahawa mpelekee iliyosagwa, na ikiwa imekaangwa siku hiyo hiyo usiifunge kabisa, maana kahawa iliyotoka motoni karibuni hutoa hewa na mfuko utavimba. Ongeza odii ya kaskazini, yaani siagi ya karanga na simsim (ufuta), nitaielezea chini.

Lakini kwa mama mkwe wa Kiganda, kabla ya chakula kuna adabu. Muulize mkeo muziro wa mama yake, yaani kile ambacho ukoo wake umekatazwa kula, si wa kwake. Mkeo ni wa ukoo wa baba yake, na mama ametoka ukoo mwingine. Mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene, wa Butiko hali uyoga, wa Mmamba hali kambare mamba. Ukimfungia uyoga mkavu mtu wa Butiko, atapokea kwa tabasamu na jirani ndiye atakayeula. Pili, mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe akamkabidhi kitu mkononi. Kikapu akipeleke mkeo au dada yako, wewe salimia kwa mbali.

Na tafadhali usikifunge kwa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti. Najua watalii wanaupenda, na UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2005, lakini Buganda lubugo ndio unaomfunika maiti. Mzee akiuona juu ya zawadi atawaza msiba. Kata kitenge, kikunje juu ya kikapu, ukifunge kwa fundo. Kitenge kitavaliwa, nailoni itaishia mtaroni.

Kikapu chenyewe ndicho kitakachobaki vyakula vikiisha, kwa hiyo usibane pesa hapo. Kina mama wa Kinubi hapa Bombo wanasuka kwa rangi kali, na tabaga zao ni sinia nzuri za kufunikia chakula. Chochote utakachonunua kianike juani kutwa nzima. Msuko wenye unyevu unaota ukungu, na harufu yake inaingia kwenye chai na kahawa ukakosa pa kuitoa.

Sasa odii. Chagua karanga moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, maana sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Kaanga karanga peke yake na simsim peke yake, simsim inaungua upesi sana. Subiri zipoe kabisa ndipo usage. Ukisaga zikiwa moto mvuke unabaki ndani, na odii inachacha mapema. Mashine za sokoni zinafaa, ila mwambie mwenye mashine asitie chumvi wala maji, na ya kwanza inayotoka aiweke kando kwa sababu ina mabaki ya mteja aliyetangulia. Chupa za jemu zichemshe dakika kumi, zianike zikauke kabisa. Mafuta yatapanda juu, hiyo si dalili ya kuharibika. Andika kwenye karatasi tarehe uliyosaga, na kwamba kijiko kiwe kikavu.

Dada yako mpe odii hiyo hiyo kubwa zaidi, unga wa wimbi wa uji, na mafuta ya shea ya kujipaka, yale Waacholi wanayoyaita moo yaa. Yanayeyuka kwa joto, basi kopo lenye kifuniko cha kuzungusha. Asali akitaka mpe, lakini mwambie wazi ni ya kwake yeye: mtoto asiyetimiza mwaka haonjeshwi asali hata kidogo. Dawa za kuogeshea mtoto waachie bibi zake na wauguzi wake.

Rafiki wa Arua, asali na simsim kwake ni sawa na kumpelekea samaki mtu wa visiwa vya Kalangala. Mkaushie nanasi la huku kwetu Luweero: kata vipande vyembamba, tandaza kwenye chekeche chini ya chandarua safi, geuza, ingiza ndani jua likizama. Limekauka likikunjika bila kutoa maji wala kunata vidoleni. Kisha sukari ya vanila. Pasua ganda la vanila lililokaushwa, la Mukono au Bundibugyo, lifukie kwenye kopo la sukari wiki mbili ukilitikisa mara kwa mara. Usimpe ile vanila ya majimaji ambayo watu huitengeneza nyumbani, inalowekwa kwenye waragi, ambayo ni pombe kali.

Kwa basi la Arua, chupa zisimame chini, kila moja imevikwa gazeti, na mianya uijaze kwa majani makavu ya ndizi ili zisigongane. Kikapu kikae ndani ya boksi, jina na namba ya simu ya mpokeaji viandikwe pande mbili. Kikifika hivyo kitenge kitakuwa hakijachafuka. Nanasi anza kukausha wiki hii, maana mvua haijatulia na huenda likachelewa kukauka.