Jino Limeacha Kuuma, Mzizi Utibiwe wa Nini?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mwezi uliopita nilikuwa nikila mahindi ya kuchoma nikavunja gego la chini upande wa kushoto, ambalo lilizibwa miaka mitatu iliyopita. Wiki nzima sikupata usingizi, kwani kila nilipojilaza maumivu yalipanda hadi sikioni. Nilinunua antibayotiki katika duka la dawa la mtaani, na baada ya siku chache maumivu yakaisha kabisa. Hata hivyo, daktari wa meno niliyemwona mjini alinipiga picha ya eksirei akasema kwamba jino limeoza hadi ndani, kwamba litibiwe mzizi kwa siku mbili tofauti na kisha livalishwe kofia, yaani gamba la bandia la kulifunika. Gharama yake ni mara kadhaa ya kung'oa. Dada yangu ananiambia ning'oe yaishe, na jirani amenionya kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta maradhi mwilini. Kwa nini nilipie jino ambalo haliniumi? – Mama wa watoto wawili, Umoja.

JIBU: Mama, pole kwa wiki hiyo. Naanza na neno lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowapotosha wagonjwa wengi. Chini ya enameli, ambayo ni gamba gumu la nje, kuna dentini, na katikati ya dentini kuna uwazi mdogo wenye kiini, yaani nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, inayoteremka kwa mifereji myembamba hadi kwenye ncha za mizizi. Uozo ukikifikia kiini, kiini huvimba, lakini kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu pande zote hakina pa kutanukia, na shinikizo hilo ndilo lililokukesha. Ulipojilaza, damu iliongezeka kichwani na shinikizo likazidi. Maumivu kama hayo yakitoweka yenyewe katika jino lililovunjika, aghalabu maana yake ni kwamba kiini kimekufa, na neva iliyokufa haiumi.

Antibayotiki haikuliponya. Dawa ya kumeza husafirishwa na damu, na ndani ya jino ambalo mishipa yake imekufa damu haifiki tena, hivyo bakteria waliomo hukaa kwa raha zao kama panya katika ghala lililofungwa. Kutoka humo hupenya kwenye ncha ya mzizi na kuula mfupa wa taya polepole, pengine kwa miezi au miaka bila dalili yoyote, mpaka siku jipu litakapotokea. Ukivimba uso au chini ya taya, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, au ukapata homa pamoja na uvimbe, usingoje miadi: nenda hospitalini siku hiyohiyo, kwa maana uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa.

Tiba yenyewe haitishi kama inavyosimuliwa, na kwa kweli ni kazi ya kusafisha zaidi kuliko ya kuchimba. Utadungwa sindano ya ganzi, jino litazungushiwa kipande cha mpira ili mate yasiingie, kisha daktari atatoboa juu na kuitafuta mifereji, ambayo katika gego la chini la kwanza kwa kawaida ni mitatu katika mizizi miwili. Ataisugua kwa vijifaili vyembamba, yaani tupa ndogo, huku akiiosha kwa hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo katika dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ila hapa hutumiwa kwa kipimo na kwa uangalifu mkubwa. Baina ya siku ya kwanza na ya pili huweza kuacha dawa ndani. Mwishoni mifereji hujazwa gutapecha, ambayo asili yake ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Jino likiuma kidogo unapotafuna kwa siku chache baadaye, hilo ni jambo la kawaida.

Kofia usiiache. Gego lililooza, likavunjika, kisha likatobolewa limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake, na nimewaona wengi waliobana matumizi hapo wakarudi na jino lililopasuka katikati, ambalo halina budi kung'olewa. Hesabu bei ya kofia tangu mwanzo.

Jirani yako anarudia madai yaliyoenezwa na daktari wa meno wa Marekani, Weston Price, mwanzoni mwa karne ya 20. Majaribio yake hayakuthibitika yaliporudiwa kwa utaratibu bora, lakini kabla ya hapo watu wengi walikuwa wameng'olewa meno yaliyoweza kuokolewa.

Ushauri wa dada yako siupuuzi. Kama ufa umeshuka mzizini, au uozo umezama chini ya ufizi, kung'oa ndiko kwa haki. Muulize daktari wako mambo hayo, na umuulize kama juu ya ufizi pamebaki ukuta mzima wenye kimo cha takriban milimita 2 kulizunguka jino, kwa sababu kofia isiyo na pa kushika haidumu. Majibu yakiwa mazuri, mimi ningeliokoa: pengo la gego huyafanya meno jirani yainame na la juu yake lishuke, na kuliziba kwa jino la bandia huja na gharama yake. Fedha zikiwa kikwazo, ulizia katika hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na wahadhiri wao. Utakaa kitini muda mrefu zaidi. Kokote uendako, hakikisha kwamba anayekutibu ana leseni ya mwaka huu kutoka kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa bodaboda. Nilianza kutibiwa mzizi, nikazibwa kwa muda, maumivu yakaisha na sikurudi. Sasa ni miezi minne. Je, nimeharibu? – Kijana wa Kawangware.

JIBU: Huenda bado hujaharibu, ila rudi wiki hii. Kizibo cha muda hukusudiwa kukaa kwa wiki chache tu. Baada ya hapo huvuja, na mate huingiza bakteria upya katika mifereji iliyokwisha kusafishwa. Hadi utakapoonwa, tafunia upande mwingine. Usimfiche daktari umekawia kwa muda gani, kwa kuwa tarehe ya kizibo ndiyo itakayomsaidia kuamua kama aanze kusafisha upya.